Waliosoma nje: mwaka gani ulikuwa mgumu zaidi, wa kwanza kule au wa kwanza baada ya kurudi?

#1 Mtoro_wa_Dodoma
Wakuu heshima kwenu. Nina swali kwa wote mliosoma nje, iwe digrii, masta au PhD, iwe mlirudi au mmeganda hukohuko. Mwaka gani uliwatoa jasho zaidi?

Nauliza kwa sababu nyuzi zote za kusoma majuu humu ndani ni skolashipu, viza, nauli, na namna ya kuandika barua ya maombi. Sawa, zinasaidia. Ila mwaka wa kurudi hakuna anayeugusa. Mimi nimesoma masta Ujerumani, mambo ya maji, nina zaidi ya mwaka tangu nirudi na sasa nipo hapa Dodoma, na nasema bila kupepesa macho, mwaka wa kwanza kule ulikuwa cha mtoto. Kule shida zina dawa: baridi unavaa, lugha unasoma, upweke unapiga simu nyumbani. Huku shida haina hata jina. Watu wanakuhesabu umefeli kwa kuwa tu umerudi. Fundi akisikia ulikuwa Ulaya bei inapanda hapohapo. Mjomba anataka mtaji wa bodaboda. Kwenye intavyuu swali la kwanza ni "kwa nini hukubaki?" yaani kana kwamba nilifukuzwa.

Halafu na mimi mwenyewe nimeharibika kidogo. Kikao kimepangwa saa tatu, saa tatu kasoro dakika tano nimeshafika, napiga stori na mlinzi getini mpaka saa nne na nusu wenye kikao wanapoanza kuingia mmojammoja, na hapo mimi ndo naonekana sina kazi ya kufanya.

Nasema hivi, kwenda ni rahisi, kurudi ndo kazi. Anayebisha aje na hoja.

#2 mla_bisi
Nimeshakaa. Wenye uzi wao wanakuja.

#3 Kipara_Ngoto
Mkuu #1, ulikuwa unalipiwa na nani? Hiyo ndo inabadilisha hadithi nzima. Aliyekwenda na DAAD, ile skolashipu ya Wajerumani, huku mwajiri wake anamtunzia kiti ofisini hawezi kulia kilio kimoja na yule ambaye ukoo mzima uliuza ng'ombe.

#4 Mtoro_wa_Dodoma
Mkuu #3 mimi ni wa ng'ombe. Nilikuwa Stuttgart, na jimbo lile sisi tusiotoka Ulaya tunalipishwa euro 1,500 kwa muhula, wameanza 2017. Majimbo mengi mengine hawalipishi, nilikuja kujua hilo nikiwa nimeshafika na nimeshalipa. Halafu kuna ile akaunti ya kufungia hela, bila hiyo viza hupati, wakati wangu ilikuwa euro 10,332 unaweka kabla ya kuondoka, ukifika wanakutolea 861 kila mwezi. Sasa mtu anakuona una milioni karibu thelathini benki anadhani wewe tajiri, kumbe ni michango ya baba wadogo na shangazi na kila mmoja anakumbuka alitoa ngapi.

#5 DogoLeipzig
Sasa hivi imefika 11,904 mkuu, 992 kwa mwezi. Mimi naondoka mwezi wa kumi, naenda Leipzig, nipo hapa najifunza kimyakimya.

#6 Nesi_Usiku
Mtoa mada mimi nakubishia mchana kweupe. Inaonekana hukubeba boksi wewe.

Nilikwenda Uingereza masta ya afya ya jamii, mji upo pale katikati ya nchi ambako maghala yamejaa kuliko makanisa. Ada ilikuwa imelipwa nusu, nusu nitaitafuta hukohuko, ndivyo tulivyodanganyana na mume wangu. Sheria inasema mwanafunzi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, basi hizo 20 zote nilizimalizia usiku wa Ijumaa na Jumamosi. Ghala halina madirisha. Unavalishwa skana kwenye kifundo cha mkono, inakupiga mlio kila ukichukua kitu, na kwenye kioo chake kuna namba inayosema upo asilimia ngapi ya kasi wanayoitaka. Ukienda chooni namba inashuka, unaiona inavyoshuka ukiwa unanawa mikono. Boksi linanyonya mafuta yote ya ngozi, vidole vinapasuka pembeni ya kucha, Jumatatu nashika kalamu darasani nasikia moto. Na mwalimu anafundisha nini siku hiyo? Afya mahali pa kazi.

Mtu aliyepita hapo akirudi nyumbani akaongezewa bei na fundi, anacheka. Mimi nilirudi Mwanza, mwezi wa kwanza nililala tu. Kurudi ilikuwa raha tupu.

#7 Mtoro_wa_Dodoma
Nesi boksi nimebeba dada yangu usinivunjie heshima. Kule sisi tulikuwa tunahesabiwa siku 120 kwa mwaka badala ya saa kwa wiki, nilizimaliza zote. Hata chupa za plastiki nimeokota, kila moja ukiirudisha kwenye mashine dukani inakupa senti 25, asubuhi baada ya mechi mtu unarudi na mfuko unapata hela ya mkate na mayai. Sijasema kule kulikuwa raha. Nasema kule nilijua naumia kwa ajili ya nini.

#8 Kipara_Ngoto
Marekebisho kidogo kwa faida ya dogo #5, siku 120 ilikuwa zamani. Tangu Machi 2024 ni 140 nzima, au nusu siku 280.

#9 DogoLeipzig
Asante mkuu nimeandika pembeni.

#10 Msee_wa_Eldy
Wabongo mnapenda kuzunguka mti. Hii swali iko na jibu moja: mwaka mbaya ni ule wa katikati, umemaliza chuo na hujarudi.

Mimi niko Minnesota, nilitoka Eldoret. Ukigradueti hapa Marekani unapewa kitu inaitwa OPT, mwaka mmoja wa kufanya kazi ya kile ulisomea, wale wa sayansi na hesabu wanaweza kuongezewa miezi 24. Inakaa poa ukiiskia hivyo. Sasa soma maandishi madogo. Ndani ya huo mwaka ukikaa bila kazi jumla ya siku zikapita 90, umeharibu hadhi yako ya viza, funga mizigo. Hiyo hesabu inatembea ukilala, inatembea Krismasi, inatembea mwenye kampuni akisema tutakupigia wiki ijayo. Mimi hadi leo mtu akiniambia "wiki ijayo" tumbo inakaza.

Na nyumbani hakuna mtu anaelewa. Walinifanyia harambee, mwenyekiti alikuwa chifu, tent ikapigwa, kwaya ikaimba, jina langu ikasomwa na pesa ya kila mtu ikasomwa. Sasa mtu alitoa elfu mbili ako na haki ya kuuliza mbona sijajenga. Utamwambia nini, ati iko siku zinahesabiwa? Anaskia ni kama nimeshindwa. Kwa hivyo unatuma picha ukiwa umesimama kando ya gari ya mwenyewe.

#11 Shemeji_wa_Watu
"Gari ya mwenyewe" 😂😂😂 kumbe hata Kenya mnafanya. Mimi kaka yangu alituma picha amesimama na Benz, bi mkubwa akaifremu akaiweka sebuleni juu ya runinga. Alivyorudi akamuuliza gari iko bandarini au?

#12 Mla_Ndizi_Bukoba
Msee #10 hilo la harambee ni zito kuliko unavyoliandika. Tena Kenya mna kesi mbaya zaidi, wale wazazi wa Uasin Gishu waliolipa hela za watoto kwenda Finland kupitia kaunti, 2023 wakaingia barabarani hapohapo Eldoret. Ukisikia mtoto anatishiwa kufukuzwa chuo Ulaya huku mzazi ana risiti mkononi, unaelewa kwa nini wengine hawasemi ukweli nyumbani. Ukweli unaua mzee.

#13 Msee_wa_Eldy
Hiyo nayo tuiache. Naijua familia moja, sitaki kuongea.

#14 binti_makunduchi
Asalaam alaykum. Nyote mnazungumza kama kwenda na kurudi ni hiari ya mtu. Mie nlirudishwa.

Nlikuwa Khartoum nasoma udaktari, Wazanzibari tulikuwa wengi kule, tangu enzi za wazee wetu. Mwaka wa mwanzo ulikuwa kichekesho kuliko mateso. Nlijiona najua Kiarabu kwa kuwa nimehitimu madrasa, nkaenda sokoni kununua vitunguu naongea kama khatibu wa Ijumaa, yule bibi muuza vitunguu akaita wenzake waje wasikilize. Joto lile, vumbi linaingia hadi ndani ya sahani ya ful, yale maharage yao, umeme unakatika, lakini watu wa Sudan mungu awalinde, sijaona watu wakarimu vile. Ramadhani wanatandika mikeka barabarani wanasimamisha magari ya wapita njia wafuturu.

Na vita ilianza Ramadhani hiyohiyo, Jumamosi tarehe 15 Aprili 2023, Iddi haijafika. Asubuhi. Tulikuwa hosteli, tukavuta magodoro tukayaweka kwenye ukumbi wa katikati usio na madirisha. Futari ilikuwa tende na maji ya tangi, tukaambizana tusitawadhe kwa maji, tutayamamu tu. Baadae ubalozi wetu ukapanga mabasi, tukapita Gedaref mpaka mpakani kwa Waethiopia, ndege ikatuchukua kutoka kule. Nimefika nyumbani na mkoba mmoja.

Sasa mwaka wangu mgumu ni upi? Nlikuwa nimebakisha kidogo kumaliza. Kila chuo nnachokwenda wananiambia lete matokeo yako yaliyothibitishwa. Yathibitishwe na nani, ofisi imefungwa, karani mwenyewe ni mkimbizi yuko Cairo. Nkaanza tena na watoto wa mwaka wa pili. Mwalimu anafundisha kitu nshakifanya kwa mgonjwa, nakaa nnyamaze.

Halafu mtu anakwambia "alhamdulillahi umerudi salama", na ni kweli, na hapo huna tena ruhusa ya kulalamika.

#15 mla_bisi
Pole sana dada. Bisi nimeweka chini.

#16 Mchina_wa_Mbeya
Pole #14. Yangu ndogo ukilinganisha, ila nayo ni ya kurudishwa. Nilikuja likizo ya mwaka mpya wa Kichina Januari 2020 kumwona mama, Machi China wakafunga mpaka kwa wageni. Nikasoma kwa simu kutoka Mbeya. Kipindi cha saa mbili asubuhi ya Beijing kwetu ni saa tisa usiku, nimekaa jikoni kwa mama na taa ya simu, bando linakata katikati ya hoja. Posho haikuingia kwa sababu sikuwepo kule. Viza za wanafunzi zilifunguliwa tena Agosti 2022, mimi nilikuwa nimeshadifendi tasnifu yangu kwa video nikiwa nimevaa koti juu na pensi chini. Kwa hiyo swali la mwaka wa kwanza baada ya kurudi mimi silielewi, nilirudi lini?

#17 gesi_bado
Wakuu mimi nina nadharia tofauti na zenu zote. Ugumu wa kurudi hautokani na mjomba wala fundi. Unatokana na kusomea kitu ambacho nchi ilikitaka siku unaondoka.

Mnakumbuka 2013, 2014? Gesi ya Mtwara. Kila redio gesi. Kila kijana aliyefaulu hesabu anaambiwa kasomee mafuta na gesi, skolashipu zikamwagwa, sisi tukapelekwa China. Mwaka mzima wa kwanza ni kusoma Kichina, halafu ndo uhandisi wa petroli kwa Kichina hichohicho, usiku unaota herufi zinakufukuza. Nimerudi na cheti safi. Ule mradi mkubwa wa LNG, gesi ya kugandishwa iwe kimiminika, kule Lindi mpaka leo unajadiliwa.

Unajua kinachonilisha? Kichina. Kipande cha SGR, reli ya kisasa, cha Mwanza mpaka Isaka kinajengwa na Wachina, nikaingia kama mkalimani, siku hizi nasimamia mpaka vibarua na oda za nondo. Petroli sijaigusa. Kwa hiyo anayeondoka sasa hivi asome anachosoma ila lugha ya wenyeji aishike, hiyo huwezi kunyang'anywa na waziri akibadilika.

#18 Mangi_Mkweli
Nyie wote mnazunguka. Sababu ni moja tu, konekisheni.

Mimi sikwenda popote, nimesoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nimelala Mabibo hosteli chumba kimoja na watu ambao leo mmoja yuko wizarani, mmoja benki, mmoja ni wakili, na mmoja anauza simu Kariakoo na huyo ndo ana hela kutuzidi. Bumu, ile hela ya mkopo wa wanafunzi, likichelewa tulikopeshana. Mtu mliyegawana naye chipsi kavu wakati wa sapu, mitihani ya kurudia, ukimpigia leo lazima apokee. Sasa wewe miaka ile ulikuwa unagawana chakula na Mjerumani ambaye ukimpigia leo atakuuliza kama mna miadi. Unarudi una cheti kikubwa huna namba ya simu hata moja. Unategemea nini?

#19 gesi_bado
Mangi na hao wa kwenye SGR nilijuana nao wapi kama sio nje? Wachina nao ni konekisheni.

#20 Mangi_Mkweli
Hao ni waajiri bwana, sio washkaji. Mchina hawezi kukuchangia harusi.

#21 gesi_bado
Alinichangia. Bahasha nyekundu.

#22 Shemeji_wa_Watu
😂😂 Mangi kaa chini.

#23 MzeeSaratov
Vijana hamjambo. Nimeusoma uzi wote kwa utulivu.

Mimi nilikwenda Urusi ya Kisovieti mwaka 1982. Mwaka wa kwanza wote ni lugha, unakaa darasani mwanafunzi wa Vietnam kushoto na wa Angola kulia na hakuna anayejua kumwambia mwenzake "nipishe". Barua kwenda Tanga wiki tatu, jibu wiki tatu nyingine, ukiandika kwamba unaumwa mpaka mama ajibu umeshapona au umeshazikwa. Simu unaweka oda posta, unasubiri siku nzima, unapewa dakika tatu na zote zinaishia kwenye "unanisikia?"

Lakini kurudi! Kurudi kwetu kulikuwa sherehe. Serikali ndiyo iliyokupeleka na serikali ndiyo inayokupangia kituo, unashuka na barua yako unaonyeshwa nyumba na meza. Na nchi wakati ule dukani hakuna sabuni, wewe unashusha friji ya Saratov. Mtaa mzima maji baridi kwangu. Nani angeniuliza kwa nini sikubaki?

Miaka ya tisini wakaacha kuwapangia wahitimu, ikawa kila mtu na lwake. Ninyi mnadhani mmekosea kitu. Hamkukosea kitu, mlango wenyewe uliondolewa.

#24 Kipara_Ngoto
Shikamoo mzee. Hiki ndo kilikuwa chuo cha Lumumba kile kilichofutwa?

#25 MzeeSaratov
Marahaba. Sikuwa Lumumba, nilikuwa mji mwingine wa kusini. Na Lumumba hakikufutwa, kilianza 1960 na kipo Moscow mpaka leo, jina la Lumumba ndilo walilitoa 1992 na wakalirudisha 2023.

#26 Dada_wa_Machame
Mzee #23 kwa heshima zote, sherehe yenu ilikuwa ya wanaume. Mimi nina shangazi yangu naye alisoma Bulgaria miaka hiyohiyo, alirudi na cheti na barua ya serikali na nyumba, na kitu pekee alichoulizwa kanisani Jumapili ya kwanza ni kama amekuja na mume.

Mimi mwenyewe nimerudi na PhD nina miaka thelathini na kitu, acha nisiitaje. Kule Uholanzi baiskeli, apatimenti yangu, ufunguo wangu, jioni nikiamua kula mkate na jibini hakuna wa kuniuliza. Narudi nyumbani nafikia kwa wazazi "kwa muda", na huo muda umezeeka. Nikitoka saa moja jioni baba anakohoa. Mama anaombewa na jumuiya nipate mwenza, na wanaomwombea wananitazama wakati wa kuombea. Kazini wananiita "daktari" kwa sauti ya utani, na chai wananiambia nitenge mimi. Mangi nami ni Mchaga mwenzio, tena nina namba za simu nyingi tu. Konekisheni haijanisaidia kwenye hili.

#27 Mangi_Mkweli
Dada hilo ni la mila, mtoa mada anaongelea kazi.

#28 Dada_wa_Machame
Mtoa mada ameandika mjomba na fundi kwenye posti ya kwanza. Kasome tena kaka yangu.

#29 Nesi_Usiku
Dada #26 hapo kwenye "kwa muda" nimecheka nikajikuta nimenyamaza. Lakini bado sijahama. Hayo yote unayavumilia ukiwa umelala usingizi wa kutosha.

#30 Karani_wa_Masjala
Habari zenu. Naona watu wanaongelea mioyo, mimi niongelee makaratasi kwa sababu nayaona kila siku mezani na ndiyo yanayowakwamisha wengi bila wao kujua.

Ukitaka kazi serikalini kupitia Ajira Portal, tovuti ya maombi ya kazi za serikali, cheti cha chuo cha nje lazima kiwe kimetambuliwa na TCU, tume ya vyuo vikuu. Kama hata kidato cha nne au sita ulisoma nje, hicho kinakwenda NECTA, baraza la mitihani, kupata ulinganifu. Umri usizidi 45. Watu wanarudi na nakala ya cheti iliyokunjwa kwenye begi la mkononi, matokeo yamebaki chuoni, na chuo kinataka uandike barua pepe kwa mtu ambaye yupo likizo mpaka Septemba. Tangazo la kazi linakaa siku 14. Wenzao wa ndani wameshaomba zamani. Basi wao wanasema wananyimwa kwa kuwa hawana mtu.

Madaktari ndiyo zaidi, waliosoma nje wana mtihani wa Baraza la Madaktari kabla ya kuanza intaniship, na wapo wanaoufahamu siku wanapofika na koti jeupe.

#31 Mtoro_wa_Dodoma
Karani ahsante ila hilo nililimaliza mwezi wa kwanza kabla hata ya kuondoa baridi mwilini. TCU ninayo. Nimeitwa usaili mara kadhaa. Tatizo langu mimi sio karatasi, na ndiyo maana nimefungua huu uzi.

Mfano. Nimepata kazi ya mkataba mfupi hapa, tunapima maji ya visima. Nimeandika ripoti nikaweka kwamba kisima fulani floraidi imezidi, kama ilivyosomeka kwenye kipimo. Bosi kanipigia simu usiku, mpole kabisa, ananiambia "mdogo wangu, huku hatuandikagi hivyo, tunaanza kwa kukutana na mwenyekiti wa kijiji." Sasa kule ningemjibu vipimo ndo hivi. Hapa nikakaa nikawaza labda ana hoja, kwa sababu nikiandika hivyo kile kisima kinafungwa kesho na wale akina mama wanarudi kuchota korongoni, ambako nako hakujapimwa. Mtu wa nje angeniona nimekula rushwa. Mtu wa hapa aliniona sina adabu. Nani alinifundisha lipi la kufanya? Hakuna somo hilo Stuttgart, na nina wasiwasi hata Mlimani halipo.

#32 Mla_Ndizi_Bukoba
Hapa ndo uzi umeanza sasa. Ikawaje?

#33 Mtoro_wa_Dodoma
Tulikutana na mwenyekiti. Namba ilibaki kwenye ripoti, ila ikahamia ukurasa wa nyuma. Kisima bado kinatumika. Silali vizuri na wala sijui ningelala vizuri vile vingine.

#34 Msee_wa_Eldy
Bro hiyo si shida ya kurudi, hiyo ni shida ya kazi. Hata hapa Minnesota kuna ripoti zinahamia ukurasa wa nyuma. Unajiona uko special juu umetoka Ulaya.

#35 Dada_wa_Machame
Msee umesema kwa ukali ila kuna ukweli. Tunaporudi kila kitu tunakipa sababu ya kurudi. Mtu angekuwa na miaka hiyohiyo na mkataba huohuo bila hata kupanda ndege, simu ya bosi angepigiwa vilevile.

#36 Mtoro_wa_Dodoma
Labda. Lakini asingeshangaa. Mshangao ndo unaochosha.

#37 MzeeSaratov
Sisi nasi tulishangaa, kijana. Tulikuwa na friji tu.

#38 Kipara_Ngoto
😂 Mzee Mungu akuweke.

#39 DogoLeipzig
Wakuu samahani niwatoe nje ya mada, nimesoma zote na usingizi umekata. Maswali yangu ni madogo. Koti la baridi ninunue mtumba Karume sokoni au nisubiri kule? Na unga, dagaa, naruhusiwa kubeba?

#40 Shemeji_wa_Watu
Karume dogo! Yale makoti yenyewe yametoka hukohuko, unalirudisha kwao.

#41 Nesi_Usiku
Usisikilize. La Karume linafaa siku ya uwanja wa ndege tu. Oktoba haijawa baridi ya kweli, subiri uone wenyeji wanavaa nini. Viatu ndo vya kuangalia, miguu ikilowa umekwisha. Na Novemba jua linazama saa kumi na kitu jioni, ukianza kulia bila sababu usidhani umerogwa, ni giza.

#42 Mtoro_wa_Dodoma
Dogo ukifika jambo la kwanza andikisha anwani ofisi ya mji, wiki mbili zisipite. Bila hiyo karatasi benki inakuzungusha, na akaunti ya kufungia hela haikutolei kitu mpaka uwe na benki, kwa hiyo beba hela ya mwezi wa kwanza mfukoni. Na Jumapili maduka yamefungwa, mimi Jumapili yangu ya kwanza nililala na maji ya bomba. Unga usihangaike kubeba, maduka ya Waafrika yapo, ukikosa kabisa sembe kuna semolina inasongeka.

#43 gesi_bado
Semolina sio ugali jamani tusidanganyane.

#44 Nesi_Usiku
Ukiwa na njaa saa nane za usiku umetoka ghalani, ni ugali.

#45 Karani_wa_Masjala
Kuhusu dagaa: nyama na maziwa kutoka kwetu hairuhusiwi kabisa kuingia Umoja wa Ulaya, hata kipande. Samaki wanaruhusu kwa matumizi yako mwenyewe, mpaka kilo 20.

#46 DogoLeipzig
Kilo 20 za dagaa!! Asante sana mkuu, mama ameshanunua gunia.

#47 Kipara_Ngoto
Hivi huyu dogo anakwenda kukaa na rumeti au peke yake?

#48 DogoLeipzig
Hosteli ya chuo, jiko tunachangia watu sita. Kwani vipi?